MAZIWA YA MBUZI BAADA YA KUZAA: SABABU ZA KUPANDA NA KUSHUKA KWAKE

Mbuzi wa maziwa hununuliwa kwa neno moja: lita. Muuzaji husema mnyama wake hutoa lita mbili, mnunuzi hulipa kwa hesabu ya lita mbili, na wote wawili huagana kwa furaha. Baada ya wiki chache mbuzi huzaa, na kiwele hutoa vikombe viwili tu. Au hutoa vizuri kwa miezi miwili mitatu, kisha maziwa huanza kupungua siku hadi siku. Hapo mwenye mbuzi husema ametapeliwa, au jirani ametia kijicho, au mnyama ana maradhi. Mwisho wa maneno hayo mara nyingi huwa ni mnadani, na mbuzi aliyekuwa mzima kabisa huishia buchani.

Maelezo haya yanahusu yale yanayotokea ndani ya kiwele cha mbuzi tangu siku ya kuzaa mpaka siku ya kukauka, ili mtumishi au mkazi mwenye mbuzi wawili nyuma ya nyumba aweze kutofautisha upungufu wa kawaida na upungufu wa hatari. Mfano uliochaguliwa ni wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya. Msomaji wa Unguja au Pemba asistaajabu kupelekwa mbali kiasi hicho. Mafunzo mengi juu ya mbuzi wa maziwa nchini yametoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, ambako Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wataalamu kutoka Norwei walipeleka mbuzi wa asili ya Norwei katika miaka ya 1980. Wakulima wa huko, hasa pande za Nyandira, wamewafuga tangu wakati huo na kujipatia maziwa mahali ambapo miteremko na uhaba wa ardhi havimruhusu ng'ombe. Lakini Mgeta ni mahali pa baridi na majani mabichi. Rujewa iko katika tambarare ya Usangu, yenye joto la mchana, vumbi la kiangazi na mashamba ya mpunga, na mfugaji wa huko hukabiliwa na matatizo yanayofanana zaidi na ya mwambao na visiwa. Anayeyajua mazingira ya Rujewa hatashindwa kuyatumia maelezo haya Makunduchi au Wete.

Ifahamike kwanza kwamba mbuzi wetu wa kienyeji hakuumbwa kwa ajili ya ndoo ya mkamuaji. Maziwa yake humtosha mtoto wake na pengine kikombe cha chai. Mbuzi anayezungumzwa hapa ni yule wa maziwa, kama vile Saanen, Toggenburg na huyo wa Norwei, na zaidi ni chotara wa hao na wa kienyeji. Chotara aliyelishwa vizuri kidogo hutoa lita moja, na aliyelishwa vizuri zaidi hutoa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, katika wakati wake wa juu. Maneno hayo ya mwisho, "katika wakati wake wa juu", ndiyo yanayosahaulika wakati wa kununua.

Siku za mwanzo

Mimba ya mbuzi huchukua siku zipatazo 150. Katika muda wote huo homoni inayolinda mimba huizuia pia kazi ya kutengeneza maziwa isianze kwa nguvu. Mbuzi anapozaa, homoni hiyo hushuka ghafla, nyingine za kuamsha kiwele hupanda, na chembe za kiwele huanza kutengeneza sukari ya maziwa kwa wingi. Sukari hiyo ndiyo inayovuta maji kuingia katika kiwele, kwa hiyo ndiyo inayoamua wingi wa maziwa. Mbuzi asiyekula chakula cha kutosha hawezi kutengeneza sukari ya kutosha, na asiyekunywa maji hana cha kuvuta. Karibu sehemu 87 katika kila 100 za maziwa ni maji.

Lakini kinachotoka siku ya kwanza si maziwa hasa. Ni dang'a, yaani maziwa mazito ya rangi ya manjano ambayo hukusanywa katika kiwele siku za mwisho za mimba. Wapo wanaoyamwaga wakidhani ni machafu au yameharibika. Hilo ni kosa kubwa, na gharama yake huonekana baada ya wiki moja, vitoto vinapoanza kuharisha na kufa. Kondo la mbuzi halipitishi kinga kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwanambuzi huzaliwa hana kinga yoyote ya kutegemea, na huipata kwa njia moja tu, nayo ni dang'a. Tena utumbo wake huweza kuipokea kinga hiyo kwa saa chache. Baada ya saa 12 uwezo huo umepungua sana, na ikifika siku nzima umekaribia kwisha. Mwanambuzi wa kilo tatu anapaswa kupata dang'a ipatayo thuluthi moja ya lita katika siku yake ya kwanza, na sehemu yake kubwa katika saa sita za mwanzo. Kama ni dhaifu hawezi kunyonya, akamuliwe mama na mtoto anyweshwe kwa chupa safi.

Kiwele cha siku hizi huweza kuwa kimevimba na kuwa kigumu kwa sababu ya damu na maji yaliyojaa, hasa kwa mbuzi anayezaa mara ya kwanza. Uvimbe wa aina hiyo, usio na joto kali wala maumivu, hupungua wenyewe katika siku chache. Kuupima uwezo wa mbuzi kwa kiwele cha namna hiyo ni sawa na kumpima mpagazi siku aliyotoka kitandani. Maziwa ya kawaida huanza kuonekana siku ya nne au ya tano.

Wiki za kupanda

Kuanzia hapo maziwa huongezeka kila siku. Kilele hufikiwa kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa. Kuongezeka huko hakutokani na chembe zilizopo kufanya kazi zaidi peke yake. Katika wiki za mwanzo hata idadi ya chembe za kutengeneza maziwa huendelea kukua. Kwa sababu hiyo wiki hizo ni za thamani kuliko zote, maana kilele kikiwa kifupi, na mteremko wote unaokifuata utaanzia chini.

Na hapa ndipo penye tatizo kubwa la Rujewa, na la visiwa pia. Kiwele hukimbia mbele, tumbo likabaki nyuma. Hamu ya kula ya mbuzi aliyezaa hurudi polepole, na huchelewa kufika juu kwa wiki kadhaa baada ya maziwa kufika kileleni. Katika muda huo mbuzi hutoa kuliko anavyoingiza, na upungufu huujazia kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe. Mbuzi aliyezaa akiwa na mwili wa kutosha hukonda kidogo na kuendelea kutoa. Aliyezaa akiwa mifupa mitupu hana akiba ya kuchukua, na maziwa yake hugota njiani kabla ya kufika kilele. Mwenyewe husema mbuzi huyu hana maziwa, ilhali mbuzi alikuwa nayo na hakupewa cha kuyatengenezea.

Matunzo ya maziwa huanza, kwa hiyo, wiki sita kabla ya kuzaa. Watoto tumboni hukua zaidi wakati huo, tumbo hubanwa, na mbuzi hawezi kushiba kwa majani makavu pekee. Apewe pumba kidogo kila siku, robo kilo ikipanda taratibu hadi karibu nusu kilo. Mwenye mimba ya mapacha akinyimwa huweza kupatwa na maradhi ya kuishiwa nguvu siku za mwisho, akasimama bila kula, akalala, na kufa pamoja na watoto.

Baada ya kuzaa chakula kiongezwe polepole kwa muda wa wiki mbili. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni nusu kilo ya pumba na mashudu kwa kila lita ya maziwa, mbali na majani. Anayemwaga kilo mbili za pumba siku ya pili kwa furaha ya kupata watoto humletea mbuzi tumbo la kuchacha, kuharisha, na pengine kifo.

Rujewa ina bahati ya pumba za mpunga, kwa sababu mashine za kukoboa zimezagaa katika eneo lote la mashamba ya Mbarali. Lakini mnunuzi awe macho. Pumba laini, zile zinazotoka wakati mchele unaposuguliwa, zina mafuta na nguvu. Makapi, yaani maganda magumu ya nje, hayana faida kwa mbuzi, na mara nyingi gunia moja huchanganya vyote viwili. Njia rahisi ya kujua ni kuzitia kiganjani na kuzifinya: laini hushikamana kidogo, makapi hutawanyika na kuchoma. Aidha, pumba hizo zisiwekwe muda mrefu, kwa kuwa mafuta yake huchacha na mbuzi hukataa kuzila. Mashudu ya alizeti, ambayo hupatikana kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, huongeza kile ambacho pumba hazina. Visiwani, mashudu ya nazi hufanya kazi hiyo hiyo. Majani ya lusina, maganda ya migunga na jiwe la chumvi lenye madini havigharimu sana, na mbuzi kwa tabia yake hupenda majani ya mti kuliko nyasi za chini.

Maji yasisahaulike. Katika joto la Usangu mbuzi anayekamuliwa huhitaji lita tano hadi kumi kwa siku, na hayapendi yakiwa na harufu au tope. Ndoo ikiwa tupu tangu asubuhi mpaka mwenyewe anaporudi kutoka kazini, maziwa ya jioni yatapungua siku hiyo hiyo, na hakuna dawa itakayoyarudisha ila maji. Maji ya mitaro ya mashamba ya mpunga yasitumiwe, kwa sababu konokono wa humo hueneza minyoo bapa ya ini, na majani ya kandokando ya mitaro huwa na hatari hiyo hiyo.

Maziwa ya nani?

Katika wiki hizi za kupanda mwenye mbuzi huona maziwa machache kwa sababu nyingine ambayo si ugonjwa wala ulaghai, nayo ni kwamba kuna mnyonyaji kabla yake. Vitoto viwili vyenye afya vinaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa siku kabla mkamuaji hajachukua kibakuli chake. Mbuzi mwenye mapacha kwa kawaida hutengeneza maziwa mengi kuliko mwenye mtoto mmoja, kwa kuwa kondo zaidi wakati wa mimba huandaa kiwele kikubwa zaidi. Lakini ziada hiyo huingia tumboni mwa vitoto, na mwenye nyumba huhesabu hasara.

Wafugaji wengi hutenganisha vitoto na mama usiku kuanzia wiki ya pili au ya tatu, wakamua asubuhi, kisha huwaacha pamoja mchana. Ni mpango mzuri kwa mtumishi asiye na nafasi. Anayetaka kujua ukweli wa mbuzi wake, na hasa anayetaka kumuuza au kumnunua, awatenge watoto mchana na usiku kwa siku moja, amkamue asubuhi na jioni, apime vyote viwili, kisha vitoto vinyweshwe sehemu yao kwa chupa.

Kushuka

Baada ya kilele, maziwa hushuka. Hushuka kwa kila mbuzi, wa Mgeta na wa Uswisi, aliyelishwa na asiyelishwa. Chembe za kiwele hupungua idadi, na mwili hugeuza chakula kwenda kujaza akiba iliyotumika. Kwa mbuzi anayetunzwa vizuri upungufu wa karibu sehemu moja katika kumi kwa mwezi ni wa kawaida. Maziwa yenyewe huwa mepesi zaidi wakati wa wingi, kisha mafuta yake huongezeka tena kadiri yanavyopungua. Mama mwenye nyumba anayeona chai imekuwa nyeupe zaidi mwezi wa saba ameona sawa.

Ichukuliwe hesabu ya mfano ya chotara anayekamuliwa kwa miezi minane. Mwezi wa kwanza wastani wake ni lita 1.2 kwa siku, wa pili 1.6, wa tatu 1.4, wa nne 1.3, wa tano 1.1, wa sita 1.0, wa saba 0.9, na wa nane 0.8. Kwa siku 30 za kila mwezi jumla ni lita 279. Sasa mwenye mbuzi huyo anayekata tamaa mwisho wa mwezi wa nne, kwa kuwa maziwa "yamekwisha", amekwishapata lita 165, na anampeleka mnadani mnyama mwenye lita 114 ambazo bado hazijakamuliwa, mbali na mimba ijayo. Kwa upande wa pili, mnunuzi aliyesikia "lita moja na nusu na ushei" akazidisha 1.6 kwa siku 240 alitarajia lita 384. Upungufu wa lita 105 katika matumaini yake hakuibiwa na mtu. Aliuliza mbuzi anatoa lita ngapi, bila ya kuuliza amezaa lini, na hiyo ni nusu ya swali.

Hata swali kamili lina sehemu ya tatu: ni uzao wa ngapi? Anayezaa kwa mara ya kwanza bado anakua mwenyewe, na hutoa maziwa machache kuliko atakavyotoa katika uzao wa tatu au wa nne. Kumchinja mbuzi kwa sababu ya uzao wake wa kwanza ni haraka isiyo na sababu, isipokuwa amekuwa dhaifu mno.

Mteremko hauwezi kuzuiwa, ila waweza kupunguzwa ukali, na njia mojawapo ni mpangilio wa kukamua. Kiwele cha mbuzi kina nusu mbili zisizoingiliana. Katika miaka ya 1980 watafiti wa taasisi ya Hannah huko Ayr, Uskoti, waliikamua nusu moja ya kiwele mara tatu kwa siku na nyingine mara mbili, kwa mbuzi yule yule, mwenye damu ile ile na chakula kile kile. Nusu iliyokamuliwa mara tatu iliongeza maziwa, na ya pili haikuongeza. Maana yake ni kwamba maziwa yaliyoachwa ndani ya kiwele yenyewe hukipa kiwele amri ya kupunguza kazi. Mkamuaji asiyemaliza, au anayeruka jioni tatu kwa wiki kwa sababu ya kikao, anatoa amri hiyo kwa mikono yake, na kwa kuwa chembe zikipotea ni shida kurudi, hasara ya wiki mbili za uzembe huweza kubaki mpaka mwisho wa msimu.

Hakuna anayemtaka mtumishi akamue mara tatu. Mara mbili zatosha, ila ziwe na saa zake, kama saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na kiwele kimalizwe. Mbuzi ana nafuu moja mbele ya ng'ombe: sehemu kubwa ya maziwa yake hushuka yenyewe na kukaa katika uwazi ulio juu ya chuchu, hivyo huvumilia kuchelewa kidogo. Lakini yaliyobaki juu hayateremki bila ya utulivu. Mkamuaji mgeni, mbwa, kelele za watoto au kiboko humfanya mbuzi ayazuie. Watoto wa nyumba wanaotumwa kukamua kwa zamu, kila siku mwingine, hupata machache kuliko mmoja aliyezoeleka.

Upungufu usio wa kawaida

Dalili ya kwanza ya hatari ni kasi. Maziwa yanayoshuka kidogo kidogo kwa wiki ni ya kawaida. Yanayoshuka kwa nusu katika siku mbili yana sababu, na hiyo sababu itafutwe kabla ya jua kuchwa. Yaangaliwe maji na chakula kwanza, kisha joto, kwa maana mbuzi aliyefungwa kamba juani tangu asubuhi hali, huhema tu. Uchunguzi wa pili uwe wa kiwele. Nusu moja ikiwa ya moto, ngumu, yenye maumivu, na maziwa yakitoka na mabonge, maji maji au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele, na mtaalamu wa mifugo aitwe siku hiyo. Ugonjwa huo huingia kwa mikono michafu, sakafu yenye kinyesi na maziwa yanayobakizwa. Kinga yake ni sabuni, kitambaa safi cha kila mbuzi, na kukamua michirizi miwili ya kwanza katika kikombe cheusi ili mabonge yaonekane. Mwenye ugonjwa akamuliwe wa mwisho.

Sababu ya tatu hujificha zaidi. Katika wiki zinazozunguka siku ya kuzaa, kinga ya mbuzi dhidi ya minyoo hulegea, na minyoo ya tumbo inayofyonza damu hutaga mayai kwa wingi. Mbuzi huonekana mzima, ila maziwa hayapandi. Avutwe ukope wa chini chini ya mwanga wa jua: ukiwa mwekundu ni salama, ukiwa mweupe kama karatasi damu imekwisha, na apewe dawa kwa kipimo cha uzito wake. Kuwapa wote dawa kila mwezi bila ya kuangalia si busara, kwa kuwa minyoo huizoea dawa, na siku ya shida haitafanya kazi.

Mbuzi anayetetemeka na kuanguka katika siku za karibu na kuzaa, masikio yakiwa ya baridi, huenda ameishiwa chokaa ya damu, na hiyo ni kazi ya mganga wa mifugo kwa sindano. Homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008, hukausha maziwa pamoja na mnyama mwenyewe. Dalili za makamasi, kuharisha na homa kwa mbuzi kadhaa kwa pamoja ziripotiwe kwa Afisa Mifugo, wala wanyama hao wasihamishwe kupelekwa mnadani. Kuuza maradhi ni kuyaeneza.

Mwezi wa kuzaa

Mfugaji wa Rujewa ana hiari moja ambayo haimgharimu senti: kuchagua mwezi. Mvua za Usangu huanza kati ya Novemba na Desemba na hukoma karibu na mwisho wa Aprili. Baada ya hapo majani hukauka, na ikifika Septemba tambarare ni vumbi na mabua ya mpunga. Mbuzi anayezaa Agosti atafikia kilele chake wakati wa ukame mkubwa kabisa, na kilele hicho hakitakuwa na kimo. Anayezaa mwishoni mwa Desemba atafikia kilele Februari, majani yakiwa tele. Siku 150 zikihesabiwa kurudi nyuma, beberu aingizwe mwanzoni mwa Agosti. Visiwani hesabu ni ile ile kwa mvua tofauti: beberu wa katikati ya Oktoba huleta watoto katikati ya Machi, masika yanapoanza.

Kuna dosari katika mpango huu, nayo ni unyevu. Wakati wa mvua minyoo huzidi na vitoto hupata homa ya mapafu. Kwa hiyo banda liwe la uchaga, lililoinuliwa juu ya ardhi kiasi cha mtu kuweza kufagia chini yake, paa lisivuje, na upande wa upepo uzibwe. Mwenye nafasi ya kukausha majani ya Aprili na kuyahifadhi kwa ajili ya Agosti atapunguza ukali wa mteremko kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kukausha

Mbuzi aliyepandwa tena hukaushwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Kiwele kinahitaji muda huo kujenga chembe mpya, na anayeendelea kukamua mpaka siku za mwisho hupata vikombe vichache leo na kupoteza sehemu ya kilele kijacho. Wapo wanaoona uchungu kumwacha mbuzi mwenye nusu lita. Uchungu huo unaeleweka, hasa penye mtoto mdogo nyumbani, lakini mwenye mbuzi wawili anaweza kuwapishanisha ili mmoja akamuliwe wakati mwingine amekauka.

Kwa mbuzi anayetoa kidogo, pumba huondolewa, majani hubaki, na kukamua kukaachwa mara moja. Kiwele kitajaa kwa siku mbili tatu, kisha kitalegea. Kisiguswe ila kwa kuangaliwa kama kina joto au uvimbe wa upande mmoja. Anayetoa zaidi ya lita moja apunguziwe kwanza, akamuliwe mara moja kwa siku kwa wiki nzima kabla ya kuachwa.

Maziwa ya mbuzi yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa watoto na kwa wazima, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba wa wanyama huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na huleta homa ya muda mrefu ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Yale ya mbuzi aliyechomwa sindano yasinywewe wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Mwenye mbuzi aandike katika daftari tarehe ya kupandwa, ya kuzaa, idadi ya watoto, na kipimo cha maziwa cha siku moja katika kila wiki. Daftari hilo apewe mnunuzi siku mbuzi anapouzwa.